Kidonda Kisichofunga



Tumeshika kalamu mwezi huu kuandika habari ambayo kwa miaka mingi tuliona haya kuiandika. Ni habari ya kidonda kidogo kilichokuwa ndani ya shavu la shangazi yetu, na ya mguu wake uliovimba, na ya kimya chetu sisi tuliolelewa naye. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Neno hilo tulilisikia tangu utotoni, na mara nyingi tukalitumia kuwasema wengine. Lakini siku ilipotufikia zamu yetu tulilisahau. Basi twaandika ili nyumba nyingine isisahau kama tulivyosahau sisi. Tena twataka kueleza, kwa kadiri ya ufahamu wetu, mambo waliyotufunza madaktari juu ya damu na uvimbe wa kinywani, kwani ni mambo ya ajabu, na mwenye kuyajua hatakitazama tena kidonda kisichopona kwa jicho la kupuuza.

Shangazi alikuwa mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Tulipofiwa na mama yetu, sisi ndugu watatu, yeye ndiye aliyetuchukua, akatulea, akatutia chuoni na skuli, wala hatukupata kusikia neno la yatima likitajwa mbele yake. Katika vitu vyake vyote alivyovipenda, kimoja kilikuwa kijaluba cha shaba alichorithi kwa mama yake. Ndani yake mlikuwamo majani ya tambuu, popoo zilizokatwakatwa, chokaa, katu na kipande cha tumbaku. Safari ya kwanza kabisa tuliyotumwa dukani peke yetu, tukiwa watoto wa miaka sita au saba, ilikuwa kwenda kununua tambuu. Mgeni hakupata kukaa barazani pake bila ya kufunguliwa kijaluba hicho, na usiku shangazi alikuwa akilala na tonge ya uraibu shavuni, upande wa kushoto daima.

Tulipokua na kujaliwa kazi, kila tuliporudi nyumbani tulimchukulia zawadi. Tulileta kanga, tulileta udi, na juu ya yote tulileta popoo nzuri za kuchagua, tukijua kuwa hizo ndizo zitakazomfanya acheke. Tuliona kuwa hayo ni mapenzi, na kwa hakika yalikuwa mapenzi. Lakini mapenzi yasiyokuwa na maarifa huweza kumdhuru mpendwa kama adui asivyoweza.

Dalili zilikuja moja moja, nasi tuliziona. Kwanza kinywa chake kilianza kuwa kigumu kufunguka, hata tonge ya wali ikamlazimu kuifanya ndogo. Sisi tulimtania kuwa amekuwa bibi harusi mwenye haya. Kisha likatokea baka jeupe ndani ya shavu, lisilofutika. Mwisho, katika mwezi wa Shaabani, mwaka 2011, pale penye baka pakafanya kidonda. Akasema ni chokaa iliyomwunguza. Tukangoja. Ramadhani ikaingia, akasema hawezi kwenda kuchezewa kinywa na madaktari naye amefunga. Mfungo Mosi kukawa na harusi ya jirani. Mfungo Pili akasema kidonda chaelekea kupona, na sisi tulikuwa tukikiona kwa macho yetu kuwa hakielekei kupona, kingo zake zimekuwa ngumu na kimeanza kutoa damu. Hatukusema neno. Tulijiambia kuwa mtu mzima hasemwi, na kuwa kumstahi mzee ni adabu. Leo twajua kuwa haikuwa adabu iliyotunyamazisha, bali hofu. Tuliogopa kulisikia jina la ugonjwa, tukaiita hofu yetu kwa jina zuri.

Ulipoingia Mfungo Tatu ukavimba mguu. Ulikuwa mguu wa kushoto, tangu kigimbi hata juu ya goti, nao ulikuwa wa moto na wenye maumivu. Watu wakasema ni baridi yabisi. Wengine wakasema amekanyaga kitu kibaya. Sisi tuliukanda kwa mafuta ya simsim na maji ya moto usiku tatu mfululizo. Hatukujua kuwa mguu uliovimba ghafula hivyo huenda una pande la damu ndani ya mshipa, na kuwa kuukanda ni hatari kubwa, maana pande laweza kung'oka likapanda hata mapafuni, mtu akafa papo hapo. Mwenyezi Mungu alituhifadhi na matokeo ya mikono yetu wenyewe. Usiku wa nne alishindwa kusimama, ndipo tukamchukua hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, umri wa kuwa mjukuu wa shangazi. Aliupima mguu kwa chombo kinachoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, akatuonyesha mahali ambapo damu ilikuwa imeganda mshipani. Kisha akakaa kitako kando ya kitanda, akauliza kwa upole:

“Mama, una maradhi gani mengine mwilini?”

“Sina, mwanangu. Ni huu mguu tu.”

Daktari akatutazama sisi. Tukatazama chini. Akaona, nadhari yake ilivyokuwa kali, kuwa mgonjwa anazungumza kwa upande mmoja wa kinywa. Akamwomba afungue. Kinywa hakikufunguka zaidi ya upana wa vidole viwili. Akaangaza taa, akakaa kimya kidogo.

“Kidonda hiki kina muda gani, mama?”

“Si kingi. Chokaa hiyo.”

Hapo mdogo wetu, ambaye katika sisi watatu ndiye aliyekuwa akimwogopa shangazi kuliko wote, akasema, “Miezi minne, daktari. Na baka jeupe lina miaka miwili.”

Shangazi alimtazama kama mtu aliyevuliwa buibui njiani. Mtazamo ule hatujausahau mpaka leo. Akageuza uso ukutani, hakusema nasi mpaka asubuhi. Kipande kidogo cha nyama ya shavu kilikatwa kikapelekwa kupimwa, na majibu yaliporudi yalikuwa yale tuliyoyaogopa: saratani, ambayo wengi wetu twaiita kansa.

Sisi tulidhani kuwa amefikwa na maradhi mawili kwa pamoja, moja la mguuni na moja la kinywani. Daktari akatwambia kuwa kwa dhana yake hayo si maradhi mawili yasiyojuana. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza, na hapa twaomba msomaji atuvumilie, maana bila ya kuifahamu kazi ya damu, habari hii haieleweki.

Damu ndani ya mishipa hutembea kama maji mferejini, wala haigandi. Lakini mtu akijikata kwa kisu jikoni, baada ya dakika chache damu hukoma kutoka. Nani aliyeiamrisha ikome? Mabingwa wametuambia kuwa nje ya mishipa, juu ya chembe za nyama zinazoizunguka, kuna protini moja inayongoja siku zote. Tuiite kianzishi cha mgando. Katika hesabu ya mabingwa ni namba 3. Damu iliyo salama mshipani haionani nayo. Siku mshipa unapopasuka, damu humwagika ikaigusa, na papo hapo protini ya namba 7 iliyomo katika damu hushikana nayo. Hizo mbili huiamsha namba 10, nayo namba 10 huzaa kitu kiitwacho thrombini, na thrombini huigeuza protini iitwayo fibrinojeni, iliyokuwa imeyeyuka katika damu, ikawa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu wa mvuvi, zikanasa chembe nyekundu, na vile visahani vidogo vya damu hujazana penye tundu, pakazibika. Protini hizi zimehesabiwa toka 1 hadi 13, na namba 6 imeachwa wazi, kwani ile iliyodhaniwa kuwa ni ya 6 ilionekana baadaye kuwa ni ya 5 iliyokwisha amshwa. Nyingi katika hizo hutengenezwa na ini.

Tena rehema haikuishia hapo. Kidonda kikisha kupona, wavu ule hauna kazi, nao ukibaki huleta madhara. Basi mwili una protini nyingine, plasmini, ambayo kazi yake ni kuzikata nyuzi za fibrini na kuisafisha njia. Na ili plasmini isije ikakata kabla ya wakati, iko protini ya kuizuia. Yuko mwenye kufunga na mwenye kufungua, na juu ya kila mmoja yuko mwenye kumzuia asipite mpaka. Mtu akilitafakari hili hawezi ila kusema Subhanallah.

Sasa saratani hufanya nini? Kujuana kwake na damu kulianza kutambuliwa zamani. Mwaka 1865 daktari mmoja mkubwa wa Paris, Ufaransa, jina lake Armand Trousseau, aliwafundisha wanafunzi wake kuwa mtu akigandwa na damu mishipani bila ya sababu ya kuonekana, huenda ana saratani iliyojificha ndani. Siku ya kwanza ya mwaka 1867 aliiona dalili hiyo hiyo katika mwili wake mwenyewe, akamwambia mwanafunzi wake kuwa hana tena shaka juu ya maradhi yake. Mwezi wa Juni mwaka huo huo akafa kwa saratani ya tumbo. Alijua, na alisema. Sisi tulijua nusu, tukanyamaza.

Mwaka 1986 daktari mwingine, Harold Dvorak wa Boston, Marekani, alieleza jambo lililotufungua macho kuliko yote. Alisema kuwa uvimbe wa saratani ni mfano wa kidonda kisichopona. Mwili ukipata jeraha, humwaga fibrini mahali pale, kisha juu ya wavu ule huotesha nyama mpya na vishipa vipya vya damu, na kazi ikisha huacha. Saratani huyaita mambo yale yale: huivujisha mishipa, fibrinojeni ikatoka, ikaganda ndani ya uvimbe, na juu ya wavu huo uvimbe ukajijengea nyumba. Lakini yenyewe haitoi amri ya kuacha. Yachukua rehema iliyowekwa kwa ajili ya kuponya, ikaifanya kuwa chakula chake.

Msomaji atauliza, chembe ya shavu imejifunzia wapi kuiita damu igande? Jibu limo katika jeni. Kila chembe ya mwili ina kitabu kizima cha maagizo, na jeni ni mlango mmoja katika milango ya kitabu hicho. Chembe ya shavu haiisomi milango yote. Husoma ile inayoihusu, kwa kiasi na kwa wakati wake. Katika saratani za kinywani zilizo nyingi, ile jeni mlinzi iitwayo p53 imeharibika, na mlinzi akisha kuondoka, milango husomwa ovyo. Jeni F3, ambayo ndiyo yenye agizo la kile kianzishi cha mgando, husomwa kupita kiasi. Waliovipima vipande vya uvimbe wa kinywani wamekikuta kianzishi hicho juu ya chembe za saratani zenyewe katika wagonjwa wengi. Mara nyingi, basi, jeni ya kugandisha damu haikuvunjika hata kidogo. Maandishi yake ni yale yale mazuri, ila yasomwa kwa sauti ya juu mahali pasipo pake.

Na thrombini inayozaliwa hapo haigandishi damu tu. Hugusa pia vipokezi vilivyo juu ya chembe za saratani, ikazihimiza kuzaana na kutembea. Nayo chembe ya saratani inayong'oka na kuingia katika damu huzungukwa na vile visahani vidogo vya damu kama mtu aliyejitanda ushungi, na askari wa mwili wakipita hawaitambui. Vile vile jeni iitwayo SERPINE1, yenye agizo la protini ya kuizuia kazi ya kuyeyusha mgando, imeonekana katika saratani za kinywani ikisomwa kwa nguvu sana. Mtu angedhani kuwa kizuizi kikizidi, saratani itashindwa kupenya. Lakini kinyume chake ndicho kilichoonekana: wingi wa kizuizi hiki mara nyingi ni dalili mbaya, kwa kuwa huzisaidia chembe kubanduka, kuhama na kujikingia na mauti. Wakati huo huo, ukingoni mwa uvimbe, vyombo vya kuyeyusha navyo hufanya kazi, vikikata njia ya kupita. Saratani hufunga inapotaka na kufungua inapotaka. Ndiyo sababu kidonda cha shangazi kilikuwa kikitoa damu kila siku, na mguuni mwake damu hiyo hiyo ikaganda.

Lazima tuseme kwa uadilifu kuwa saratani ya kinywa si katika zile zinazoongoza kwa kugandisha damu mishipani. Ya kongosho na ya tumbo ndizo zitanguliazo. Daktari wetu alisema kuwa kwa shangazi yalikutana mambo kadha: saratani yenyewe, umri, na wiki nyingi za kulala kitandani bila ya kula vizuri wala kutembea. Lakini kidonda kile ndicho kilichomlaza kitandani. Kwa hiyo njia zote zilirudi kwenye shavu la kushoto.

Asubuhi yake ikaja shida nyingine. Dawa aliyoandikiwa ili pande la damu lisikue ilikuwa sindano ya heparini nyepesi. Mwaka 2003 utafiti mkubwa ulikuwa umeonyesha kuwa kwa wagonjwa wa saratani sindano hii hupunguza karibu nusu ya hatari ya damu kuganda tena, ikilinganishwa na tembe za zamani. Shangazi, ambaye alikuwa bado hajasema nasi, alimwuliza daktari, “Dawa hii yatokana na nini, mwanangu?” Daktari hakumficha. Akasema, “Mama, asili yake ni utumbo wa nguruwe.”

Shangazi akaukunja mkono wake akautia ndani ya kanga. Ndugu zetu wakagawanyika. Mmoja alisema dharura ni dharura. Mwingine alisema tumwachie mwenyewe. Nasi tulikuwa tumechoka kukaa kimya, tukatoka kwenda kumwuliza sheikh wa msikiti wetu. Yeye alituambia kuwa jambo hili limekwisha angaliwa na wanavyuoni. Katika Desemba mwaka 2003, Baraza la Fikihi lililo chini ya Rabita, lilipokutana Makka, liliizungumza heparini hii nyepesi kwa jina lake. Likaona kuwa yajuzu kujitibu kwayo ikiwa hapana badala ya halali inayotosha, au ikiwa badala yake hurefusha maradhi. Na kuwa isitumiwe zaidi ya haja. Na siku ikipatikana badala iliyo safi, yapasa kuirudia hiyo. Sheikh alikuja mwenyewe hospitali akakaa na shangazi, akamweleza kwa upole. Akamaliza kwa kumwambia, “Bibi, roho yako ni amana. Amana haitupwi.”

Shangazi alifikiri kitambo. Kisha akautoa mkono. Hatujui kama tumepata kuona ibada iliyotunyenyekesha kuliko ule mkono uliokuwa ukitetemeka ukitoka chini ya kanga. Wasomaji wapasa kujua kuwa tangu mwaka 2018 tafiti zimeonyesha kuwa ziko tembe mpya zisizotokana na nguruwe ambazo zaweza kuifanya kazi hiyo kwa wagonjwa wengi wa saratani, ijapokuwa kwa wenye uvimbe unaotoka damu yataka hadhari. Basi aulizwe daktari, wala mgonjwa asiikatae dawa kimya kimya na kuificha chini ya mto. Tena ieleweke kuwa dawa hizi hulinda mishipa tu. Haziponyi saratani yenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 akapasuliwa. Shavu la kushoto liliondolewa pamoja na sehemu ya taya na matezi ya shingoni, pakazibwa kwa nyama ya kifua chake. Kisha akapigwa miale. Uso wake ulibadilika, na maneno yake ikawa yataka sikio lililozoea. Lakini aliishi, akasali, akawafundisha wajukuu kusoma, akacheka kwa upande uliobaki. Mwaka 2013 ugonjwa ukarudi shingoni, na mara hii haukuwa na dawa.

Wiki chache kabla ya kufariki, tulikuwa sote watatu tumekaa kitandani pake. Mdogo wetu, ambaye mtazamo ule wa hospitali ulikuwa ukimwunguza moyo kwa muda wote huo, akasema, “Shangazi, nisamehe. Nilikufedhehesha mbele ya watu.”

Shangazi akamshika mkono. Akasema polepole, neno kwa neno, ili tumsikie sote:

“Wewe ndiye uliyenipa hii miaka miwili. Nanyi wengine, mngenisema mwezi wa Shaabani ningewakasirikia siku tatu. Kisha ningekwenda.”

Hakuyasema hayo kwa kulaumu. Lakini sisi tumeyachukua kila mahali tangu siku ile. Siku tatu za hasira ndiyo bei tuliyoiogopa, tukalipa kwa miezi minne. Na miezi minne si kitu kidogo katika maradhi haya. Huko Marekani, ambako hesabu huwekwa vizuri, saratani ya kinywa ikigunduliwa ingali mahali pake, zaidi ya wagonjwa 8 katika 10 huishi miaka 5 au zaidi. Ikisha kutawanyika mbali mwilini, hawafiki hata 5 katika 10. Duniani kote, mwaka 2022, watu zaidi ya 380,000 walipatwa na saratani ya midomo na kinywa, na zaidi ya 180,000 wakafa kwayo.

Basi, ndugu wasomaji, na hasa nyinyi vijana, twaomba mshike mambo haya machache. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili au tatu, chauma au hakiumi, kionyeshwe kwa daktari. Kadhalika baka jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe wa shingoni usiokwisha, na kinywa kinachozidi kukaza. Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukawa wa moto na wenye maumivu, usikandwe. Upelekwe hospitali siku ile ile, na daktari aelezwe maradhi yote aliyo nayo mgonjwa, hata yale yenye kuonewa haya. Na juu ya uraibu, hapana shaka tena. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza mwaka 1985 kuwa tambuu yenye tumbaku huleta saratani. Na mwaka 2004 likatangaza kuwa popoo peke yake, hata bila ya tumbaku, nayo huleta. Wako vijana leo wanaocheka uraibu wa bibi zao, nao mifukoni mwao mna pakiti za popoo na tumbaku zilizotiwa sukari na manukato. Hicho ni kijaluba kile kile, ila ni cha karatasi. Na sigara ni ndugu yake.

Kuhusu adabu, nalo tuseme neno. Kumsitiri mzee ni wajibu, na aibu yake haitangazwi njiani. Lakini sitara ni kumfunika mbele ya watu, si kumfunika mbele ya tabibu. Anayemwona mzazi wake na kidonda asichokisema, na amkalie faragha, amshike mkono, amwambie kwa heshima yote, “Tumekiona, twende.” Atakasirika. Na akasirike. Mapenzi yasiyoweza kustahimili hasira ya siku tatu hayajatimia.

Kijaluba cha shaba sasa kiko nyumbani kwa mdogo wetu. Mkewe hutia ndani yake sindano na nyuzi. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutafuna popoo. Aliacha mwaka ule ule wa 2011, na kila mwaka huenda kuangaliwa kinywa. Sisi wawili tuliobaki huenda pamoja naye, tukasubiri nje barazani, na akitoka humwuliza majibu kwa sauti, bila ya haya, watu wakisikia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi yetu na wote waliotangulia kwa maradhi haya, awape shifaa walio wagonjwa, na atujaalie ndimi za kusema ukweli kwa wapenzi wetu wakati kungali na faida.

Wabillahi taufiq.